Chipukizi Lililorudi Kutoka Ngenge

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa Ma Leonsia, na ninavyomjua jirani yetu hatakuachia mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa barazani na karatasi za watoto wangu wa chekechea, zile zenye mistari mipana, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu. Najua ungependa niseme haya kwenye simu, nirekodi sauti kama unavyonifundisha kila siku, lakini nikiishika ile simu na kuanza kuongea peke yangu najiona kama mtu aliyerukwa na akili. Acha niandike. Barua nitaitia kwenye begi lako, chini ya kopo la senene, na nina hakika utalifungua hilo kopo leo usiku, kabla hata hujaiona meli ya Mwanza.

Mambo ya koti na pasipoti na kutozoeana na watu ovyo nimemwachia shangazi yako wa Hamugembe. Utalala kwake kesho, na atakuhubiria mpaka masikio yakuume. Mimi huko Ulaya unakokwenda sijui hata jua linachomozea wapi. Ninachotaka ni kujibu lile neno ulilolisema Jumapili.

Tulikuwa tumetoka misa, tumekaa hapa hapa barazani, na baba yako mdogo Rwegasira akauliza swali ambalo ukoo umekuwa ukiliuliza chini chini tangu tulipomzika baba yako. Kibanja hiki, migomba hii na mibuni hii inayoizunguka nyumba, kitakuwa cha nani? Aliuliza kwa adabu, tusimwonee. Alisema mtoto wa kike anaondoka, shemeji umri unakwenda, basi tung'oe tupande mikaratusi, maana mkaratusi hauhitaji mtu. Sikuwahi hata kufungua mdomo, ukajibu wewe.

"Mae, usiniwekee. Kibanja kinakufa. Mvua zimebadilika, majani ya kutandazia hakuna, ng'ombe hakuna, ugonjwa upo. Nimeona kwenye tope vitu vinavyopotea mambo yakibadilika hivi. Usijitese kunitunzia kitu ambacho hakitakuwepo."

Rwegasira akakohoa. Mimi nikasema nakwenda kutazama chungu, nikaingia jikoni, na jikoni hapakuwa na chungu. Nilisimama tu mle ndani nikitazama mafiga. Niliumia, mwanangu, sitakuficha. Lakini nilipotulia niliona kwamba kilichoniuma si maneno yako. Niliona umebeba mzigo. Unaondoka ukidhani unamwacha mama yako akilinda maiti kwa ajili yako, na binti anayeondoka na wazo la namna hiyo hawezi kusoma kitu kikamwingia kichwani.

Kwa hiyo nisikilize. Nitaanza na tope lako mwenyewe.

Unakumbuka mwaka jana walipokuja wale wageni wa chuo kwenye kinamasi cha bondeni, na wewe ukiwa msaidizi wao? Nilikuja siku moja kuwaletea chai, ingawa ukweli ni kwamba nilikuja kupeleleza. Walikuwa wamezamisha bomba refu, wamelitoa, wamelilaza tope kwenye ubao, na nyinyi watu wazima mliosoma mmelizunguka mkilitazama kama watu wanaongoja nyama iive. Ukanishika mkono. Ukasema, "Mae, huku juu ni sisi. Huku chini ni zamani ambayo hata mababu wa bibi hawakuijua." Ukanieleza chavua, kwamba ni vumbi la maua, na kwamba likianguka kwenye maji likafunikwa na tope haliozi upesi, na mtu akilitazama kwenye hadubini anajua kilima kilikuwa kimevaa nini. Hapa msitu mwingi. Hapa msitu umepungua, majani yameongezeka, na mkaa mweusi umejaa, labda ni wa watu wa kale waliokuwa wakiyeyusha chuma. Na hapa juu kidogo msitu umerudi, ila si kwa miti ile ile.

Nikakuuliza, "Ulirudi kutoka wapi?"

Ukajibu, "Kwenye mabonde yenye maji. Miti michache ilibaki imejificha huko. Hali iliporuhusu, ikatoka."

Sikuelewa yote, lakini nilikutazama uso, na nikamshukuru Mungu pale pale kwenye matope, na kikombe cha chai mkononi. Mtoto wangu amepata kitu anachokipenda. Wazazi wengi wanakufa bila kuliona hilo. Basi Jumapili ulipotaja tope nikajiuliza, huyu mtoto amesahau aliyonieleza mwenyewe? Ulisema vinavyopotea. Hukusema vilivyojificha.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla hujazaliwa.

Nilipoolewa hapa kutoka kwetu Ngenge, wenzangu walitoka kwao na vitenge na masufuria. Mimi baba yangu alinitoa na ng'ombe mmoja dume aliyekonda, na akasema mbele ya wageni wote, "Huyu si wa maziwa. Ni wa samadi." Nililia njia nzima. Nani anaolewa na zawadi ya mavi? Tulipofika, bibi yako, yaani mama mkwe wangu, alimzunguka yule ng'ombe, akatazama alichokwisha kudondosha langoni, akacheka kwa furaha kama mtu aliyeokota fedha. Tangu siku hiyo alinipenda, na mimi nilichukua muda mrefu kuelewa kwa nini.

Aliponipeleka rweya ndipo nilipoelewa. Wewe umeikuta rweya imekwisha, lakini wakati ule kilima chote kile cha juu kilikuwa majani matupu, hakina mwenyewe, kila mwanamke anakata. Tulikata, tukafunga mizigo, tukabeba kichwani, tukatandaza chini ya migomba. Asubuhi mzigo, jioni mzigo. Bibi yako alikuwa akisema, "Kibanja hakili udongo. Kinakula mlima." Na kweli, mahali ambapo hapakupata majani wala samadi, migomba ilikuwa myembamba kama mguu wa kuku. Udongo wetu ni maskini, Kemilembe. Huu mweusi unaoujua umebebwa na vichwa vya wanawake, miaka na miaka, na yule ng'ombe wangu wa aibu alitoa mchango wake.

Na senene! Msimu ukifika, darasa langu la chekechea lilikuwa linabaki na mimi na ubao. Tulikuwa tunaamka na umande, tunawaokota kwenye majani yale yale ya rweya. Kwa desturi ya bibi yako mwanamke anaokota, anatengeneza, mwanamume anakula. Nilikuwa namwandalia baba yako sahani, nakaa pembeni na adabu zangu zote, naye alikuwa anakula akimsifia Mungu na mke. Halafu alikuwa ananifuata nyuma ya jiko na kunitilia konzi nzima kwenye pindo la kanga. Bibi yako alijua. Alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kutokea, ili tupate nafasi ya kutafuna. Nawashukuru wote wawili, mmoja kwa senene na mwingine kwa kikohozi.

Hayo yote yalibadilika, na huo ndio ukweli wako wa Jumapili, siupingi. Lakini ujue yalivyobadilika. Hakuna siku tuliyoamka tukakuta mambo yameharibika. Mtoto unayelala naye humwoni akirefuka. Mtu mmoja alijimegea kipande cha rweya akapanda mikaratusi, mwingine misonobari, na nguzo zilikuwa zinanunuliwa vizuri. Hata sisi tulipanda. Baba yako na Rwegasira walichimba mashimo wakiimba, na mimi niliwapelekea uji. Usije ukamlaumu baba yako mdogo peke yake kwa miti ile, maana uji ulikuwa wangu.

Majani yakawa mbali. Mzigo uliokuwa wa asubuhi ukawa wa siku nzima. Ng'ombe hakuwa na pa kuchungwa, akauzwa. Chemchemi ya chini ya kilima ilipungua. Watu wengine wanasema ni mikaratusi, wengine wanasema ni mvua, mimi nasema huenda ni yote mawili na wewe utatuambia. Senene wakawa wanakuja kidogo, tena miezi wasiyokuwa wakija, na sasa wanaotega kwa taa kali na mabati wanawasomba kabla hawajagusa jani. Kila kitu kilikuwa kimeshikana na mwenzake, na sisi tulikiona kimoja kimoja.

Migomba ilipoanza kudhoofu, nilitakiwa nijiulize mlima umekwenda wapi. Mimi nikajiuliza watu wanasemaje. Bibi yako alikuwa ameshatutoka, kibanja kimebaki mikononi mwangu, na niliogopa kuambiwa mkamwana wa Ngenge ameshindwa. Nikashika kisu. Unakikumbuka kile kisu changu? Kila jioni nilikuwa nazunguka shina kwa shina, nakata jani lililokauka, nakata ua la chini la mkungu, kibanja kikawa kisafi kama kanisa siku ya Pasaka. Watu wakipita njiani walisema, "Waitu, mama huyu!" Na mimi nilijifanya sijasikia huku nikipunguza mwendo ili waseme tena.

Kisha mgomba mmoja karibu na njia ukanyauka, majani yakawa kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nikaukata, nikaendelea na wa pili, kwa kisu kile kile. Na katika siku hizo hizo Ma Leonsia alifiwa na mume wake. Msiba ule ulikuwa mkubwa, yakahitajika majani mengi ya migomba ya kupikia na kufunikia. Wanawake wakasema, "Mwiteni mwenye kisu." Nikaenda. Nilikata majani katika kibanja cha mjane tangu nyuma ya nyumba mpaka mpakani, haraka haraka, nikijiona nimemfariji.

Bwana shamba alipokuja, alipasua shina moja mbele yetu likatoa usaha wa njano. Akasema huu ni mnyauko. Akauliza, "Humu nani hukata majani?" Na mimi, mwanangu, nikanyoosha mkono. Kwa fahari! Nilidhani anataka kunisifu. Ndipo akatueleza kwamba ugonjwa ule hupanda kisu kama mtu anavyopanda bodaboda, hushuka kwenye mgomba unaofuata. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu.

Tuliambiwa tung'oe migomba yote na tuifukie. Hapo ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka, kwa sababu hujawahi kunitania juu ya siku ile, na wewe hunitania juu ya kila kitu. Shina lako la mgomba lilikuwa pale nyuma ya jiko, nshakala ya bibi yako, ile ndizi ya kupika. Ulipozaliwa alizika kondo lako chini yake, kama wanavyofanyiwa watoto wote wa nyumba hii, na tangu ulipojua kusema ulikuwa unaiita "mgomba wangu" na kuwafukuza kuku wasiikwangue. Baba yako alipofika na jembe ulishika jani lake, ukaniambia, "Mae, huu si mgonjwa. Huu ni wangu." Nikakutoa pale kwa nguvu, nikasema, "Ni mgomba tu."

Haukuwa mgomba tu. Nilisema vile kwa kuwa ningesema neno lingine ningelia, na nilidhani mama hapaswi kulia mbele ya mtoto. Siku hizi ningelia. Ningekaa chini na wewe tukalia wote, halafu tukachimba.

Jioni ile nilikwenda kwa Ma Leonsia. Migomba yake ilikuwa imeanza kunyauka kwa mstari, tangu nyuma ya nyumba mpaka mpakani, kwenye njia ile ile iliyopitwa na kisu changu. Nilipiga magoti mlangoni pake. Akatoka akijifuta mikono, akanitazama, akasema, "Amka, waitu. Magoti hayaoteshi migomba. Lete jembe tuchimbe yangu." Basi. Tulichimba siku nyingi, mimi na yeye, na katikati ya kuchimba alikuwa ananisimulia marehemu mume wake alivyokuwa anakoroma, tukicheka kama wendawazimu kwenye yale mashimo. Sijui kama nimewahi kupendwa na mtu kuliko nilivyopendwa na mwanamke yule mwezi ule. Ndiyo maana leo nimekuacha ukae kwake upendavyo. Natumaini umemshika mikono vizuri ulipomuaga.

Tukala viazi na mihogo, wewe ukinuna kila jioni mbele ya sahani. Ardhi ikapumzika. Na hapa ndipo ninapotaka unisikie vizuri, kwa sababu ulikuwa umekwenda shule ya bweni na hadithi hii umeipata vipande vipande.

Zamani, ulipokuwa bado unatambaa, binti wa Ma Leonsia aliolewa kwetu Ngenge. Mimi ndiye niliyemuunganisha na mtoto wa binamu yangu. Siku ya kuondoka, bibi yako alichimba chipukizi kutoka kwenye shina lako, lile la kondo, akampa bibi arusi akapande. Nilinung'unika. Nilisema, mgomba wa mtoto unagawiwaje? Na kule Ngenge ni kukavu, utakufa tu. Bibi yako akanijibu bila hata kugeuka, "Mgomba usiougawa unakufa na wewe." Nikaona ni maneno ya wazee, nikaendelea na kazi zangu.

Mgomba ule haukufa. Waliupanda kando ya zizi, ukala samadi, ukavumilia jua. Na kwa kuwa nyumba ile iko peke yake, mbali na vibanja vingine, mnyauko ulipita pembeni. Baada ya ardhi yetu kupumzika vya kutosha, Ma Leonsia alikwenda kumtembelea binti yake. Akarudi amepakata gunia kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Ndani mlikuwa na machipukizi mawili. Moja akapanda kwake. La pili akaliweka kwenye mikono yangu, mikono hii hii, akasema, "La mtoto wako limetembea, limechoka, limerudi nyumbani."

Ulipokuja likizo ukakuta mgomba nyuma ya jiko, ukauliza ni aina gani, nikakwambia ni nshakala kutoka Ngenge. Sikukwambia ni wako. Niliogopa, nilidhani ukinyauka tena utavunjika moyo mara mbili. Sasa una akili za mtu mzima, na bwana shamba amelikagua shina lote juzi, safi. Kemilembe, ule ni wako. Ni ule ule.

Mtu anayesoma matope hahitaji kuelezwa zaidi na mama wa chekechea. Lakini nitasema, maana ni barua yangu. Ulichokiita kufa, mimi nilikiona kwa macho yangu kikihama, kikijificha kando ya zizi la watu wengine, kikirudi. Sisemi kila kitu kilirudi. Ile ndizi ya ntobe ya bibi yako iliyokuwa laini kuliko zote imekwenda, nimeiulizia mpaka Rubya sijaipata. Rweya ile sitaiona tena. Na kibanja hiki si kile cha bibi yako. Kina migomba ya aina nyingi iliyochanganyika kwa kuwa naogopa kuweka moyo wote kwenye aina moja, kina miti ya kivuli, mishambya, niliyoirudisha, kina majani niliyoyapanda mipakani kwa sababu mlima hauniletei tena. Ua la mkungu silikati kwa kisu, nalivunja kwa kijiti chenye panda kama bwana shamba alivyotufundisha. Bibi yako angeshangaa. Angelalamika ni kichafu. Halafu angekaa chini angekula.

Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli, na bado haijafika mwisho wa habari. Nenda ukaisome yote. Nakushukuru kwa kunionyesha tope lile, kwa sababu kabla ya siku ile nilidhani maisha yangu yote nimeyatumia kupoteza vitu bibi yako alivyonikabidhi. Wewe ndiye uliyenipa neno la kwamba msitu unaweza kujificha. Nimelala vizuri tangu siku hiyo. Watoto huwa hawajui wanachowapa wazazi wao.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, Rwegasira alikuja kutaka jibu kabla hujaondoka. Nimempa.

"Shemeji," nikamwambia, "Kemilembe amesema tusimwekee. Basi simwekei. Nakilima kwa sababu mimi nakitaka. Napenda kuamka nikikute."

"Na mikaratusi?"

"Kaa nayo huko huko mlimani. Ila ile kona ya juu ya chemchemi ukiivuna safari hii usipande tena, iache iote majani. Tuone."

Akacheka, akasema, "Wewe mama wa samadi ni mkaidi." Halafu akasema atafikiri. Unamjua baba yako mdogo, akisema atafikiri ameshakubali, anatafuta tu siku ya kusema ni wazo lake.

Kwa hiyo hakuna kinachokungoja, mwanangu. Ukirudi, kuna chakula. Usiporudi, ninakula mimi na Ma Leonsia, na hatutakula kwa huzuni. Nakushukuru kwa miaka yote uliyokaa nami, kwa utani wako, kwa kunichekea ninapoongea na kuku, kwa kukaa kitandani kwa baba yako zile wiki za mwisho na kumsomea habari za mpira ambazo wewe mwenyewe huzipendi. Sikukuambia asante wakati ule. Asante.

Kesho asubuhi, bodaboda ikija kukuchukua, utakuta gunia dogo langoni. Najua utasema begi ni zito. Lipakate kama Ma Leonsia alivyolipakata, mpaka Hamugembe. Ni chipukizi la mgomba wako. Shangazi yako ameshachimba shimo nyuma ya nyumba na anangoja. Nimelichagua lenye majani membamba kama upanga, hayo ndiyo hushika upesi. Nimelikata mwenyewe leo mchana, na usiwe na wasiwasi, kisu nilikipitisha motoni kwanza.

Mama yako